Mahali pa Kukohoa

Siku niliyoisikia ile simfoni ikipigwa mfululizo, bila kukatika hata mara moja, nilimwomba mwenye nyumba azime mashine. Nilimwambia kichwa kinaniuma. Uongo mtupu. Kichwa kilikuwa kizima kabisa. Kilichouma kilikuwa kingine, na sikuwa na nia ya kumweleza mtu niliyemfahamu kwa majuma machache tu.

Hapo ilikuwa Makambako, miaka ile ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa mwalimu pale, na alasiri nilikuwa nikienda kumfundisha Kiswahili mke wa mzungu mmoja wa idara ya barabara. Mama yule alikuwa mwema na mpweke, na upepo wa Makambako ulikuwa umemchosha. Siku hiyo alikuwa ameletewa kutoka kwao santuri mpya, zile nyepesi zisizovunjika ovyo, ambazo upande mmoja unabeba muziki mrefu. Akaniambia nikae nisikilize, ni okestra ndogo, watu wachache, wanapiga kama walivyopiga watu wa enzi za mtunzi mwenyewe. Akaiweka.

Niliitambua kabla hata zumari halijaingia. Nakiri walipiga vizuri, tena vizuri kuliko wale wa kwetu. Fidla zilisikika moja moja, baragumu halikuwa na kamasi puani, na ngoma zilipigwa kwa adabu. Lakini walipofika katikati ya ile sehemu ya polepole, mwili wangu ukasimama kungoja, na wao hawakusimama. Wakapita tu moja kwa moja, wakaendelea na safari yao, kana kwamba hapo hapakuwa na kitu. Jamani! Hapo ndipo baba yangu alipokuwa akikohoa.

Nitasimulia kwa utaratibu, maana nikikasirika huwa naruka mambo.

Baba alikwenda Lupa kuchimba dhahabu mimi nikiwa mdogo. Wanaume wengi wa kwetu Njombe walikwenda kutafuta pesa ya kodi, wengine mkonge, wengine Lupa. Alikaa huko mpaka tukazoea kutokuwa naye. Aliporudi, vita vikuu vya pili vikiwa vimeanza, hakuja na ng'ombe wala baiskeli. Alikuja na kifua kibovu na sanduku. Ndani ya sanduku mlikuwa na gramafoni ya kutia ufunguo na sahani tatu za santuri zilizofungwa kwenye blanketi. Mzungu aliyekuwa akimfanyia kazi machimboni aliitwa vitani, hakuweza kubeba kila kitu, akampa.

"Wenzako wanaleta mabati, wewe unaleta kelele," mama alimwambia siku ile ile, mbele yetu sote.

"Subiri uisikie kwanza hiyo kelele," baba akajibu.

Mama akasikia, akasema haina maneno, na muziki usio na maneno ni kama ugali usio na mboga. Baba akacheka mpaka akakohoa. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiongea wale wawili, kwa kuchokozana. Sikupata kuwasikia wakiambiana neno tamu, lakini mama hakupakua chakula cha mtu yeyote kabla ya baba, na baba hakulala kabla hajahakikisha mama amefunikwa.

Mimi ndiye niliyesoma lebo, kwa kuwa nilikuwa shuleni misheni na Kiingereza kidogo nilikuwa nacho. Nikamwambia baba kwamba imeandikwa kuwa hii ni okestra ya chumba. Akaniuliza chumba gani hicho cha kuwatosha watu wote hao na mangoma yao. Nikasema sijui, labda kwao vyumba ni vikubwa. Akatikisa kichwa, akasema hapana, maana yake ni watu wachache wanaoweza kuonana usoni. Na kweli, nilipokuja kuuliza wajuzi baadaye, ndiyo maana yenyewe.

Hicho ndicho alichokipenda, na alinifundisha kukisikia. Alisema kule chini ya ardhi kila mtu alikuwa anagonga jiwe lake kwa pigo lake, mpaka masikio yanakufa. Lakini hawa, alisema, wanangojana. Alinifananishia na siku ya kulimishana, pale watu wa kijiji wanapokwenda shamba la mmoja wao na kupanga mstari. Mmoja anaanzisha wimbo, jembe lake linakwenda juu, wengine wanaitikia, majembe yanashuka pamoja. "Wakiwa umati, mvivu anajificha," alisema. "Wakiwa wachache, kila jembe linasikika. Sikiliza huyo wa zumari. Anangoja zamu yake. Haya, sasa. Umemwona alivyoingia?"

Nami nilimwona, kweli. Nilikuwa namwona mtu wa zumari, namvika koti la kijivu, namweka mwisho wa mstari karibu na mfereji.

Simfoni ile ilikuwa na sehemu nne, na santuri za zamani upande mmoja hauchukui muda mrefu, chai haijachemka umekwisha. Sahani ya kwanza ilibeba sehemu ya kwanza, yenye haraka, pande zote mbili. Sahani ya pili ilikuwa ya ile ya polepole, nayo ilikatwa katikati: nusu upande huu, nusu upande ule. Sahani ya tatu upande mmoja ilikuwa na sehemu ya kuchezeka, ya mapigo matatu matatu, na upande wa pili ilikuwa na mwisho wake, watu wakikimbia kurudi nyumbani mvua isiwakute. Baba aliita ile ya mapigo matatu mapumziko. Alisema hapo majembe yamelazwa, watu wanafuta jasho na kutaniana.

Sasa, utaratibu wa nyumbani ulikuwa hivi. Wakati sahani inazunguka hakuna kusema, hakuna kukuna, hakuna kukohoa. Baba mwenyewe, mwenye kifua kile, alikuwa anakaa wima kwenye kigoda na kitambaa mdomoni, amekibana kikohozi, mishipa ya shingo imemtoka, macho yanalia maji. Upande ukiisha anaondoa kitambaa na kukohoa. Akohoe, akohoe, mpaka ainame magotini. Halafu anasema, "Geuza," nami nageuza sahani, natia ufunguo, tunaendelea. Kwetu sisi watoto simfoni ilikuwa na kikohozi ndani yake, mahali pake panajulikana kama ngoma na baragumu. Mama alikereka. "Mwanamume unajinyonga mwenyewe kwa ajili ya watu usiowajua," alikuwa akisema kutoka jikoni. "Kohoa wakati wowote, hawakusikii!"

Sindano zilipokwisha, na kwa ajili ya vita duka la Makambako halikuwa nazo tena, baba akaanza kutumia miiba ya mchongoma. Anauchonga mwiba kwa kisu, anauingiza kwenye mkono wa gramafoni. Sauti ilikuwa ndogo, lakini laini, na ilibidi tusogee tukae karibu. Nadhani nilimpenda baba zaidi wakati wa miiba kuliko wakati wa sindano.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa haya mengine.

Kanisa letu lilikuwa halitaki ngoma wala ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi. Na wazee wa kanisa walikuwa wameshaona masanduku kama lile letu, Makambako kule njia panda, kwenye vibanda wanakolala madereva wa malori. Waliona watu wakilewa na kucheza mbele yake. Kwao gramafoni ilikuwa ni dansi, na dansi ni dunia. Wakamwita baba, wakamwambia aachane na sanduku. Akasema hili si la dansi. Wakamwita tena. Akasema vile vile. Jumapili moja jina lake likasomwa mbele ya usharika, akatengwa.

Msomaji wa leo anaweza kusema, akitengwa kuna nini, si atasali nyumbani? Weee! Mtu aliyetengwa haendi Meza ya Bwana, hilo moja. Lakini akifa kabla hajarudishwa kundini, kengele haipigwi, mchungaji haji, halazwi kwenye makaburi ya kanisa, na hakuna mtu anayefungua kinywa kuimba. Anazikwa kimya. Sisi ni watu tunaoimba tukilima, tukisaga, tukibembeleza mtoto. Kuzikwa kimya kwetu ni kutupwa.

Na mama alikuwa ameshaiona hiyo. Baba yake mzazi, babu yangu, alikufa akiwa na wake wawili, ametengwa, na mama, msichana mdogo, alikuwapo kaburini. Alinisimulia mara moja tu. "Nilisikia majembe," alisema. "Majembe na udongo, basi. Watu wote wale wamesimama na midomo yao, na mimi nasikia majembe." Kisha akaniambia nikachote maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Kwa hiyo mama alipoona kifua cha baba kinazidi, damu inaanza kuonekana kwenye kitambaa, alikuwa na jambo moja tu kichwani. Mume wake arudishwe kundini kabla hajafa. Aimbiwe. Hakuomba apone, maana macho alikuwa nayo. Aliomba kengele.

Mkubwa wa wazee wa kanisa alikuwa kaka yake mama, mjomba wangu. Mtu mrefu, koti jeusi, hacheki ovyo. Naye alikuwa kwenye kaburi lile la babu, amemshika mama mkono. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu mtu mbaya ningemchukia nikapumzika. Mama alimwendea akamlilia. Akakubali kufanya jambo ambalo wazee wenzake hawakulifurahia: aje nyumbani asikilize kwa masikio yake mwenyewe. Kama si dansi, atalitetea mbele ya usharika.

Walikuja wawili, mjomba na mzee mwingine mnene, mchana baada ya mvua. Mama alikuwa amesugua sakafu, ameazima viti. Aliwakaribisha kwa magoti.

"Kamwene, shemeji," mjomba alimwambia baba. "Kifua?"

"Kipo," baba akasema.

Mzee mnene akauliza hao wapigaji ni watu gani. Nikasema kwa heshima kuwa ni okestra ya chumba.

"Chumbani?" akashtuka. "Kwa nini wajifungie chumbani kama jambo lao ni jema?"

Mama alinikata jicho nikatamani ardhi inimeze. Baba akatabasamu, akaniambia nitie ufunguo.

Tukapiga sahani ya kwanza. Mjomba alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti. Baba alikohoa mahali pake, akasema geuza, nikageuza. Tukapiga sahani ya pili, ile ya polepole. Mzee mnene akalala. Lakini mjomba, nilimwona kwa macho yangu, alifumba macho, na uso wake ukalainika ukawa wa mtu mwingine. Sehemu ile inaanza na fidla peke yake, chini chini, kisha wengine wanaingia mmoja mmoja kama watu wanaoingia msibani, kila mmoja anatafuta pa kukaa. Ilipokwisha mjomba akavuta pumzi.

"Hii," akasema, "hata kanisani ingeingia."

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Akafunika mdomo kwa kanga. Mjomba akaanza kuinuka, akachukua kofia yake, akamgusa mwenzake bega aamke. Mambo yalikuwa yamekwisha. Kengele ilikuwa yetu.

Baba akasema, "Bado, shemeji. Kaa."

"Inatosha," mjomba akasema. "Nimesikia."

"Hawajamaliza shamba."

Mama akamtazama baba. Sitausahau ule mtazamo. Alitikisa kichwa kidogo tu, hapana, hapana. Naye baba aliuona, maana aliinamisha macho. Kisha akanyoosha mkono mwenyewe, hakunituma mimi, akaiweka sahani ya tatu, upande wa mapumziko.

Nimejiuliza sana kwa nini. Kichwa kigumu alikuwa nacho, ndiyo. Lakini nadhani aliona ni udanganyifu kumpa mtu nusu ya jambo akalipenda, ukamficha nusu nyingine. Na nadhani pia, Mungu anisamehe, alitaka sana shemeji yake afurahi. Alimwona amelainika, akatamani acheke naye pale watu wanapofuta jasho.

Ikaanza. Moja, mbili tatu. Moja, mbili tatu. Mzee mnene macho yakamfunguka. Na chini ya koti jeusi, kiatu cha mjomba kikaanza kugonga sakafu ambayo mama alikuwa ameisugua. Tulikisikia wote. Yeye ndiye aliyekisikia mwisho. Alipotambua, alikikanyaga kiatu kile kwa kile kingine, akakishikilia chini kwa nguvu, uso umemwiva. Baba aliona, akatabasamu kwa furaha kama mtoto, na kitambaa mdomoni.

Mjomba akasimama muziki ukiendelea.

"Ni ngoma," akasema. "Usibishane nami, shemeji. Mguu wangu umeshuhudia."

"Mguu wako umefurahi tu," baba akasema, na kwa kufungua mdomo katikati ya sahani kikohozi kikamtoka, mahali pasipo pake, hakikwisha mpaka wageni wakaondoka.

Mama hakumpigia kelele. Alirudisha viti vya watu. Kwa siku nyingi akawa anamwekea chakula na kuondoka, na ule utani wao ukafa. Nilitamani hata amtukane.

Masika yalipokuwa yanakwisha na baridi inaingia, baba hakuweza tena kukaa kwenye kigoda. Akalala chini karibu na moto. Upande mmoja wa sahani sasa ulikuwa mrefu mno kwake, kikohozi kilimshinda kabla ya nusu, na kila kikimshinda alikuwa akiniambia, "Rudisha mwanzo," kwa aibu. Ndipo mama alipoamua. Asubuhi moja baba akiwa amelala, alibeba sanduku na sahani zake kichwani, akapanda lori la mahindi, akaenda Makambako, akamwachia mwenye duka amwekee. Akarudi moja kwa moja kwa kaka yake, akamwambia sanduku limeondoka nyumbani kwangu, njoo umrudishe mume wangu.

Baba alikuwa ameniuliza liko wapi. Nilimwambia. Akageukia ukutani.

Mjomba akaja, mara hii peke yake, akachuchumaa karibu na moto. Alisema kwa upole, na najua kilimtoka moyoni.

"Shemeji, sanduku limekwenda. Sema tu kwa kinywa chako kwamba umeliacha. Neno moja. Kesho naja na mchungaji, na siku yoyote itakayokuja, kengele italia mpaka Kifanya waisikie."

Mama akapiga magoti upande wa pili wa moto.

"Sema, baba watoto. Ni maneno tu! Umeliacha. Sema."

"Mimi sijaliacha," baba akasema. Sauti ilikuwa imebaki ndogo kama ya mwiba. "Aliyeliacha ni wewe. Nitamdanganyaje Mungu na kuondoka ni karibu hivi?"

Hapo mama akalipuka. Akamwita mjinga, akamwita mbinafsi, akamwambia watu wa chumbani kwako watakuzika basi, waje na zumari lao wakuzike, kwa kuwa sisi hututhamini! Akalia kwa kelele. Mjomba akainuka, akasimama mlangoni muda mrefu, akaondoka. Baba akanyoosha mkono juu ya blanketi kumtafuta mama, na mama hakuupokea. Nami nilikuwa pale, nikauona ule mkono ulivyorudi.

Alfajiri mama akaniamsha. Macho yalikuwa yamevimba. "Mwangalie baba yako," akasema. "Mpe uji kidogo kidogo. Mimi naenda Makambako kulichukua."

"Na kengele, mama?"

"Kengele ni ya kwangu mimi," akasema akijifunga kanga. "Yeye hakuiomba. Alisikilize sanduku lake, basi, afe ameridhika, na mimi nitajua la kufanya." Akafika mlangoni akarudi, akamfunika baba miguu, akaenda.

Siku hiyo ukungu haukuondoka. Baba hakutaka uji. Mchana nikaona kidole chake kinatembea juu ya blanketi, nikaelewa kuwa anapiga simfoni yake. Nikasogea. Alikuwa amefunga mdomo, amekibana kikohozi, na mishipa ya shingo imetoka kama zamani. Kidole kikaenda haraka, kisha kikaenda polepole, muda mrefu, na nilikuwa naweza kumfuata nikajua sasa ni fidla, sasa ni zumari. Kisha kikaanza matatu matatu. Moja, mbili tatu. Halafu kikasimama. Nikadhani upande umekwisha, anangoja niseme nimegeuza. Nikangoja akohoe. Niligundua kwamba nangoja bure moto ulipokuwa umeshaanza kuzimika.

Mama alifika jioni, amelowa, sanduku kichwani, sahani amezifunga tumboni kama mtoto. Nilikuwa nimesimama nje. Hakuniuliza. Alinitazama, akalishusha sanduku taratibu, akakaa juu yake pale pale kwenye matope.

Tulimzika kesho yake, ng'ambo ya mianzi, mwisho wa shamba letu. Kaburi lilichimbwa na majirani pamoja na mjomba mwenyewe, amevua koti, kwa kuwa ndugu anaruhusiwa kuchimba. Watu walikuja wengi. Kwaya nzima ilikuja, wake kwa waume, na wakasimama na midomo yao imefungwa, wengine machozi yanawatiririka. Kengele ilikuwa pale mlimani, tunaiona. Mwili ukashushwa. Mjomba akainua jembe lake, na wenzake wakainua.

"Ngojeni," mama akasema.

Akanipa ishara, nikaleta sanduku. Akalifungua juu ya udongo uliochimbuliwa. Akatia ufunguo mwenyewe, akachonga mwiba mwenyewe. Hatukujua kama anajua, kwa kuwa miaka yote alikuwa jikoni akilalamika. Akachagua sahani ya pili. Baridi ilikuwa imeikaza springi, sauti ikatoka nzito na ndogo, na upepo ukawa unaichukua. Watu wakaanza kusogea ili waisikie. Mmoja mmoja wakaingia, kila mmoja akitafuta pa kusimama, mpaka wote tukawa tumelizunguka kaburi bega kwa bega, nao wasioruhusiwa kuimba wakainamisha vichwa. Mjomba alikuwa ameegemea jembe lake.

Upande ukaisha.

Mama alikuwa ameinama, mkono juu ya sahani. Hakugeuza. Alikuwa anangoja, nami nilikuwa nangoja, hata wadogo zangu walikuwa wamekaza mabega wakingoja, kwa sababu hapo ni mahali pake. Sahani ikazidi kukwaruza. Mama akainua uso akatazama ndani ya kaburi.

"Kohoa basi," akasema. Kisha akapiga kelele. "Kohoa! Baba watoto, kohoa tugeuze!"

Wanawake wa kwaya wakaangua kilio. Mjomba akaja haraka, akaliweka jembe chini, akanyoosha mkono wake wenye udongo kutaka kuigeuza sahani. Alikuwa analia naye. Mama akaushika ule mkono akausukuma.

"Usiguse," akamwambia. "Ulitaka aliache. Haya, ameliacha."

Akafunga kifuniko, na majembe yakaanza.